Mgeni Aliyepewa Jembe

Wahenga walisema kuwa mgeni ni wa siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu, lakini yuko mgeni mmoja ulimwenguni aliyepewa jembe kabla hajazaliwa mtu wa kutunga methali. Aliingia katika nyumba ya mwenzake zaidi ya miaka milioni 1,000 iliyopita, akapewa kazi, akaishika, wala hakutoka tena. Kazi yake ndiyo inayotulisha sote. Ugali tuulao, chai tuinywayo, majani wayalayo ng'ombe, kuni za jikoni na mbao za madawati tunayokalia, vyote asili yake ni jasho la mgeni huyo. Jina lake ni kloroplasti, na makao yake ni jani bichi.

Nia ya insha hii ni kusimulia jinsi mgeni huyo alivyotambuliwa. Habari yenyewe ni ndefu. Ilianza kwa mzani na chombo cha udongo, ikapita mikononi mwa watu wa mataifa mengi kwa muda wa zaidi ya miaka 300. Sehemu yake kubwa ni habari ya wazo moja lililokuwa la kweli, lakini likadharauliwa kwa karibu karne nzima. Kwa hiyo mwenye kuisoma hupata mafunzo mawili: habari ya mmea, na habari ya akili ya binadamu, jinsi inavyokubali jambo na jinsi inavyolikataa.

Zamani wataalamu wa Ulaya walifuata fundisho la Wayunani kwamba mmea hula udongo kwa mizizi yake, kama mnyama alavyo majani kwa kinywa. Daktari mmoja wa Brussels, Jan Baptista van Helmont, hakuridhika na kuamini tu, alitaka kupima. Alikausha udongo katika tanuri, akapima ratili 200, akautia katika chombo kikubwa, akapanda humo mche wa mti uitwao wilo, wenye uzito wa ratili 5. Kwa miaka mitano aliunywesha maji ya mvua, na chombo akakifunika ili vumbi lisiingie. Mwisho wa muda huo aliung'oa mti, akaupima. Ulikuwa na ratili 169 na zaidi kidogo. Kisha akaukausha udongo tena, akaupima nao. Ulikuwa umepungua kadiri ya wakia 2 tu. Van Helmont akakata shauri kwamba mti wote ule, ubao, magome na mizizi, ulitoka katika maji. Kitabu chenye habari hiyo kilitolewa na mwanawe katika mwaka wa 1648, miaka minne baada ya baba kufa.

Shauri lake lilikuwa nusu ya kweli. Udongo aliuondolea dhana kwa haki, lakini hewa hakuifikiria. Na ajabu ni kwamba van Helmont ndiye aliyelibuni neno "gesi", ambalo leo limeingia hata katika Kiswahili, na alijua kwamba kuni zikiungua hutoa gesi ya namna ya pekee. Gesi hiyo twaiita kabonidioksidi, nayo ndiyo iliyokuwa chakula kikuu cha ule mti wake. Alikuwa nayo mkononi asiitambue.

Ilipita zaidi ya miaka 120 kabla ya hatua ya pili kupigwa. Tarehe 17 Agosti 1771, katika mji wa Leeds nchini Uingereza, kasisi Joseph Priestley alichukua hewa ambayo mshumaa ulikuwa umewaka ndani yake mpaka ukazimika wenyewe, akatia humo tawi changa la mnanaa. Tarehe 27 ya mwezi ule ule akaona kwamba mshumaa mwingine waweza kuwaka vizuri katika hewa ile ile. Baadaye alijaribu kwa panya. Panya aliyetiwa katika hewa iliyoharibika hakudumu, lakini yule aliyetiwa katika hewa iliyokaa na mmea aliishi. Mmea, basi, hurudisha uhai katika hewa ambayo moto na pumzi vimeuondoa.

Lakini jaribio hilo lilikuwa na kigeugeu. Wengine walilirudia wakafaulu, wengine wakashindwa, na Priestley mwenyewe mara alipata hivi, mara alipata vile. Aliyefungua fundo hilo ni Jan Ingenhousz, daktari Mholanzi aliyekuwa amepata sifa katika mwaka wa 1768 kwa kuwachanja watu wa nyumba ya kifalme ya Austria wasipatwe na ndui. Wakati wa kiangazi cha mwaka wa 1779 alikaa katika nyumba moja nje ya London, akafanya majaribio zaidi ya 500 kwa muda wa miezi mitatu. Aliona kwamba mmea huitakasa hewa penye mwanga wa jua tu, tena kwa sehemu zake za kijani tu. Gizani mmea wote huiharibu hewa kama mnyama aivutavyo na kuitoa, na mizizi na maua hufanya vivyo hivyo hata mchana. Waliofaulu walikuwa wameweka mimea yao dirishani, na walioshindwa walikuwa wameiweka kivulini. Fundo lote lilikuwa hilo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Jean Senebier wa Geneva alionyesha katika mwaka wa 1782 kwamba mmea hutumia kabonidioksidi ya hewa, na Nicolas-Théodore de Saussure, wa mji ule ule, akaonyesha katika mwaka wa 1804 kwamba maji nayo huingia katika mwili wa mmea na kuuongezea uzito. Katika mwaka wa 1817 wakemia wawili wa Paris, Pelletier na Caventou, waliitoa ile rangi ya majani wakaipa jina la klorofili. Watu wawili hao ndio walioitoa kwinini katika magome ya msinkona katika mwaka wa 1820, nasi tutaona mbele kwamba majani na malaria vina undugu ambao wao hawangeweza kuuota.

Ikabaki kujua mahali penyewe pa kazi. Mwili wa mmea umejengwa kwa vijumba vidogo sana viitwavyo seli. Katika mwaka wa 1837 Mjerumani Hugo von Mohl alieleza kwamba kijani hakikuenea katika seli kama rangi iliyokorogwa katika maji, bali kimo katika punje punje. Punje hizo ndizo kloroplasti. Ni ndogo mno: ukizipanga moja moja katika mstari, zipatazo mia mbili hujaza milimita moja. Baadaye kidogo Julius von Sachs aliziba nusu ya jani, akaacha nusu ijipatie jua, kisha akalitia jani lote katika iodini. Nusu iliyoota jua ilikuwa nyeusi ya samawati kwa wingi wa wanga, na nusu iliyozibwa haikuwa na kitu. Kila mwanafunzi wa baiolojia hulirudia jaribio hilo.

Theodor Engelmann naye alifanya jaribio lenye hila nzuri. Aliweka mwani mwembamba chini ya hadubini pamoja na bakteria wapendao oksijeni, kisha akamulika mwanga mdogo sana, kama ncha ya sindano, juu ya seli ya mwani. Mwanga ulipoangukia mahali pasipo na kloroplasti, bakteria hawakujali. Ulipoangukia kloroplasti, wakakusanyika hapo kama siafu kwenye tonge. Katika mwaka wa 1882 aliupasua mwanga katika rangi zake kama upinde wa mvua, akaona bakteria wanajazana zaidi penye nyekundu na penye samawati. Tangu hapo haikuwa siri tena kwamba kloroplasti ndiyo jiko la mmea. Humo mwanga wa jua hutumika kuunganisha maji na kabonidioksidi viwe sukari, na oksijeni hutolewa nje. Kazi hiyo leo yaitwa usanisinuru.

Hapo lilizuka swali jingine, gumu kuliko yote yaliyotangulia. Jiko hilo lilitoka wapi?

Mtu angeweza kujibu kwamba seli hujitengenezea kloroplasti yenyewe, kama mfinyanzi atengenezavyo vyungu. Jibu hilo lilivunjwa katika mwaka wa 1883 na Mjerumani Andreas Schimper, kijana wa miaka 27. Alipochunguza seli changa aliona kwamba kloroplasti haifinyangwi. Huzaliwa na kloroplasti nyingine iliyotangulia, nayo hujigawa katikati ikawa mbili. Seli ikizipoteza zote, haiwezi kuunda hata moja. Schimper alitia maneno machache chini ya ukurasa wake, kama mtu anenaye kwa sauti ndogo. Alisema kwamba mambo yakithibitika hivyo, yaelekea mmea wa kijani ulitokana na muungano wa viumbe wawili, mmoja asiye na rangi na mmoja mwenye klorofili.

Wazo hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Katika mwaka wa 1867 Simon Schwendener wa Uswisi alikuwa amesema kwamba kuvumwani, yale magamba ya kijivu yaotayo juu ya majabali na magome ya miti, si mmea mmoja bali ni kuvu na mwani waliofungamana. Wengi walimcheka, lakini alikuwa na haki. Kama viumbe wawili waweza kuishi pamoja hata macho yakawahesabu kuwa mmoja, kwa nini jambo hilo lisitokee ndani ya seli?

Schimper hakulifuata zaidi wazo lake. Alikuwa msafiri na bingwa wa mimea ya nchi za joto. Kitabu chake kikubwa cha mwaka wa 1898 ndicho kilicholieneza jina la msitu wa mvua. Mwaka huo huo alipanda meli ya uchunguzi ya Kijerumani iitwayo Valdivia, iliyozunguka Afrika, ikavuka Bahari ya Hindi na kutia nanga Dar es Salaam katika mwaka wa 1899. Safari hiyo ilimwachia malaria, na afya yake haikurudi. Alikufa mjini Basel katika mwaka wa 1901, umri wake miaka 45. Tukumbuke ugonjwa huo uliomdhoofisha, maana tutarudi kwake.

Aliyelichukua wazo lile na kulitangaza kwa sauti kubwa ni Mrusi Constantin Mereschkowsky, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Kazan. Katika mwaka wa 1905 alitoa makala akisema wazi kwamba kloroplasti si kiungo cha mmea bali ni mgeni. Alitaja hoja zake moja moja. Kloroplasti huzaliwa na kloroplasti. Hufanya kazi zake bila kutawaliwa kabisa na kiini cha seli. Hufanana sana na vile viumbe vidogo vilivyoitwa zamani mwani wa samawati, ambavyo leo twaviita sianobakteria. Tena kuna wanyama wadogo wa majini ambao huonekana dhahiri wakiishi na mwani ndani ya miili yao. Tofauti ya simba na mtende, alieleza, yatokana na wageni hao wadogo: mtende hukaa kwa amani kwa sababu unalishwa na watumwa wake wa kijani, na simba huwinda kwa sababu hana.

Hapa inafaa tuwafahamu sianobakteria wenyewe, na sisi wa Kenya hatuna haja ya kwenda mbali. Maji ya kijani ya Ziwa Bogoria hupata rangi yake kwa viumbe hao, wa jamii iitwayo Arthrospira. Hao ndio chakula cha heroe wadogo, wale ndege ambao watalii huvuka bahari kuja kuwatazama, na uwaridi wa manyoya yao hutoka katika chakula hicho. Sianobakteria ni bakteria kamili. Hana kiini, wala ndani yake hamna kloroplasti, maana yeye mwenyewe mzima ni kama kloroplasti moja inayotembea huru. Jamii yake ni ya kale mno. Oksijeni ilipoanza kujaa katika hewa ya dunia, kadiri ya miaka milioni 2,400 iliyopita, bado hapakuwa na mmea hata mmoja. Kazi hiyo ilifanywa na sianobakteria.

Wataalamu wa wakati wa Mereschkowsky hawakukubali. Wengine hawakupenda kwamba kiumbe kizima kitokane na muungano, maana walizoea kuona maisha kuwa ni mashindano tu. Wengine walisema, kwa haki, kwamba kufanana si ushahidi. Katika mwaka wa 1925 mwanabaiolojia mashuhuri wa Marekani, E. B. Wilson, aliandika kwamba mawazo ya namna hiyo hayakustahili kutajwa mbele ya wataalamu wenye heshima. Lakini alikuwa na busara ya kuongeza kwamba huenda siku moja yakahitaji kufikiriwa. Mereschkowsky mwenyewe hakuiona siku hiyo. Alishtakiwa kwa kuwatendea watoto uovu, akakimbia Urusi katika mwaka wa 1914, akafa Geneva mwaka wa 1921 kwa mkono wake mwenyewe. Hatumtaji ili tumheshimu. Twamtaja kwa sababu historia yatulazimisha kusema kwamba neno la kweli laweza kutoka katika kinywa cha mtu mbaya, nalo hupimwa kwa ushahidi, si kwa tabia ya msemaji.

Ushahidi ulikuwa ukijikusanya polepole. Katika mwaka wa 1909 Wajerumani wawili, Carl Correns na Erwin Baur, kila mmoja kwa njia yake, walichunguza mimea yenye majani ya mabaka meupe na kijani. Waliona kwamba mabaka hayo hayarithiwi kwa sheria za Mendel. Correns aliona kwamba katika mimea yake rangi ya mtoto hufuata tawi la mama lililozaa mbegu, hata chavua iwe ya baba gani. Ni kana kwamba kloroplasti ilikuwa na urithi wake wa pekee, nje ya kiini cha seli. Katika mwaka wa 1948 wachunguzi wa Marekani waliona ajabu nyingine. Walipoitia dawa ya streptomisini, iuayo bakteria wa kifua kikuu, katika maji yenye kiumbe kidogo cha kijani kiitwacho Yuglena, kiumbe hicho hakikufa, ila kilipoteza kloroplasti zake kikawa cheupe, na vizazi vyake vikawa vyeupe daima. Dawa ya bakteria ilimwacha mwenye nyumba, ikamwondoa mgeni.

Katika mwaka wa 1962 Hans Ris na Walter Plaut wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walitazama ndani ya kloroplasti za mwani kwa hadubini ya elektroni, wakakuta nyuzi za DNA, ile maandishi ya urithi ambayo watu walidhani imo katika kiini tu. Nyuzi hizo zilifanana na za bakteria. Urithi ambao Correns na Baur walikuwa wameuhisi miaka 53 nyuma, sasa ulionekana kwa macho.

Miongoni mwa waliosoma kwa wataalamu wawili hao alikuwamo binti mmoja wa Chicago, aliyekuja kujulikana kwa jina la Lynn Margulis. Alikusanya ushahidi wote, wa zamani na wa siku zake, akauandika katika makala moja ndefu. Magazeti ya kisayansi yapatayo kumi na tano yaliikataa. Hatimaye ilichapishwa katika mwaka wa 1967, na mwandishi alikuwa na umri wa miaka 29. Alisema kwamba seli za mimea na za wanyama ni nyumba za ushirika: kloroplasti ni kizazi cha sianobakteria, na mitokondria, vile viungo vinavyozipa seli nguvu, hata seli zetu sisi, ni kizazi cha bakteria wengine. Alitaja pia jambo la tatu, kwamba mikia ya seli ziogeleazo ilitoka kwa bakteria wa namna nyingine. Hilo la tatu halikupata ushahidi hata leo, na wataalamu wameliacha. Mtu yule yule aweza kuona mbali katika jambo moja na kukosea katika jingine, na sayansi haina haja ya kumfanya mtume.

Hukumu ya mwisho ilitolewa kwa kusoma maandishi yenyewe. Katika mwaka wa 1975 Linda Bonen na Ford Doolittle, huko Halifax nchini Kanada, walilinganisha RNA ya kloroplasti za mwani mwekundu na ile ya kiini cha mwani huo huo, kisha na ile ya bakteria. Kama kloroplasti ni mtoto wa nyumba, RNA yake ingefanana na ya kiini. Haikufanana. Ilifanana na ya bakteria, na hasa sianobakteria. Tangu hapo ubishi ulikwisha. Lililobaki lilikuwa kujua mgeni aliingiaje na aliishije.

Kuhusu kuingia, yaelekea seli ya kale ilimmeza sianobakteria ili imle, kama ilivyozoea, lakini safari hiyo haikumsaga. Aliyemezwa akaendelea kutengeneza sukari ndani ya tumbo la mmezaji. Jambo hilo lilitukia kitambo sana. Katika majabali ya kaskazini ya Kanada yamepatikana mabaki ya mwani mwekundu wa kadiri ya miaka milioni 1,050, na mwani huo hauwezi kuwa mwekundu pasipo mgeni kuwamo. Kutoka kwa muungano huo ulitokea mwani mwekundu, mwani wa kijani, na kutoka kwa mwani wa kijani mimea yote ya nchi kavu.

Kuhusu kuishi, maandishi ya urithi yametueleza habari ya ajabu. Katika mwaka wa 1986 Wajapani waliyasoma maandishi yote ya kloroplasti ya tumbaku, wakakuta herufi zipatazo 156,000 na jeni zipitazo mia moja kidogo. Miaka kumi baadaye, Wajapani vile vile wakayasoma maandishi ya sianobakteria mmoja aishiye huru. Yeye alikuwa na herufi zaidi ya milioni 3.5 na jeni zaidi ya 3,000. Mali nyingine ya mgeni ilikwenda wapi? Nyingine ilipotea kwa kukosa kazi, na nyingine, kizazi baada ya kizazi, ilihamia katika kiini cha seli. Sasa kiini ndicho kinachotengeneza sehemu kubwa ya protini za kloroplasti na kuzirudisha ndani yake.

Mfano mmoja watosha. Protini iitwayo rubisko ndiyo inayoikamata kabonidioksidi ya hewa, na bila yake pasingekuwa na mahindi wala mtama. Imeunganishwa kwa vipande vya namna mbili, vikubwa na vidogo. Vile vikubwa vimeandikwa katika DNA ya kloroplasti, na vile vidogo vimeandikwa katika kiini. Hakuna kati ya wawili hao awezaye kuimaliza kazi peke yake. Mgeni amekaa mpaka ufunguo wa sanduku lake uko kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba amezoea mpaka hawezi kupika bila mgeni.

Wako waulizao kama inafaa kumwita mgeni, au tumwite mateka. Swali si la mchezo. Aliingia kwa kumezwa, amenyang'anywa urithi wake, wala hawezi kutoka akaishi. Mereschkowsky alisema ni mtumwa. Lakini tazama upande wa pili: ndugu zake waliobaki huru wamo majini na katika udongo wenye unyevu, naye amepelekwa mpaka kileleni mwa miti ya Msitu wa Kakamega na katika kila jani la kila shamba. Yaelekea maneno yetu ya kibinadamu, bwana na mtumwa, mgeni na mwenyeji, hayatoshi kueleza muungano wa miaka milioni elfu.

Wala muungano haukukoma hapo. Seli nyingine ziliwameza mwani wenyewe, pamoja na kloroplasti zao, hata ikawa nyumba ndani ya nyumba ndani ya nyumba. Tunajua hivyo kwa kuhesabu tando: kloroplasti ya mhindi ina tando mbili, ya Yuglena ina tatu, na nyingine zina nne. Na sasa tunarudi kwa malaria. Katika mwaka wa 1996 Geoffrey McFadden wa Australia na wenzake walionyesha kwamba vimelea vya jamii ya malaria vina kiungo kidogo kisicho na rangi, chenye DNA yake cha pekee ya herufi zipatazo 35,000. Kiungo hicho, apikoplasti, kimezungukwa na tando nne, nacho ni mabaki ya kloroplasti ya mwani. Kwa maneno mengine, babu wa kimelea cha malaria aliishi kwa mwanga wa jua. Katika mwaka wa 2008 wachunguzi walieleza ndugu yake mmoja, kiumbe kiitwacho Chromera, kilichopatikana katika matumbawe ya Australia, ambacho hata leo kina kloroplasti nzima na hutumia jua. Ndugu mmoja alibaki baharini akifanya kazi. Mwingine aligeuka mnyonyaji akaingia katika damu yetu.

Apikoplasti haikamati mwanga, lakini hutengeneza vitu ambavyo kimelea hakiwezi kuishi bila navyo. Kwa kuwa asili yake ni bakteria, baadhi ya dawa za bakteria huidhuru. Hii ndiyo sababu doksisaiklini, dawa ya bakteria, hutumiwa na wasafiri kujikinga na malaria, na ndiyo sababu wachunguzi wa dawa mpya wanakitazama kiungo hicho kwa makini. Habari iliyoanza na tawi la mnanaa ndani ya chupa imefika kwenye kitanda cha mtoto mwenye homa.

Na Schimper je? Kijana yule aliyekuwa wa kwanza kuwaza, kwa maneno machache chini ya ukurasa, kwamba kloroplasti ni mgeni, alidhoofishwa na kimelea ambacho kilibeba ndani yake mabaki ya mgeni huyo huyo. Hakujua, wala hakuna aliyejua kwa miaka 95 baada ya yeye kufa.

Mwalimu wenu atakapowapa jani, mkalichemsha, mkalitia katika spiriti likawa jeupe, kisha mkalidondoshea iodini, msiandike tu katika madaftari kwamba wanga umeonekana. Ulizeni pia ni nani aliyeutengeneza, na alitoka wapi. Van Helmont aliacha swali lake nusu, naye Schimper aliacha la kwake chini ya ukurasa, na wote wawili walikuta wa kuyapokea. Yapo mengine yaliyobaki katika jani lile lile, yanawangoja ninyi.